Farasi Asiyefika Ruvuma: Historia Fupi ya Istilahi za Askari wa Vifaru

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kundi dogo la maneno ambalo huwasumbua wafasiri wa vitabu vya mafunzo ya kijeshi. Maneno hayo yanahusu askari wa vifaru, pamoja na wale ambao lugha kadhaa za Ulaya zinaendelea kuwaita askari wa farasi ingawa farasi wao waliachishwa kazi zamani. Mtu anayefasiri mtaala wa kozi ya kumwendeleza dereva wa kifaru, mpiga mzinga au kamanda wake, hukuta tangu ukurasa wa kwanza kwamba vifaru na farasi vimetajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Akiwa na haraka, huandika "vikosi vya vifaru na vya wapanda farasi" kisha akaendelea na kazi. Askari anayeletewa maandishi hayo darasani ana haki ya kuuliza farasi hao wamefungwa zizi gani.

Jambo hili si la mzaha. Kozi za kijeshi ndizo ngazi za kupandia vyeo. Askari aliyeendesha kifaru miaka kumi, anayeweza kutambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu, anaweza kushindwa mtihani kwa sababu mtunzi wa swali ametumia neno moja na mkufunzi wake alitumia jingine. Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko kushindwa mtihani, nayo tutaieleza mbele.

Kwanza yafaa tueleze namna farasi alivyoingia katika injini. Majeshi ya Ulaya yalikuwa na vikosi vya wapanda farasi kwa karne nyingi. Vikosi hivyo vilikuwa na kazi maalumu: kutangulia mbele kupeleleza, kumzunguka adui ubavuni, na kumfukuza anaposhindwa. Magari ya deraya na vifaru vilipoonekana vinaweza kuzifanya kazi hizo vizuri zaidi, farasi waliondolewa lakini jina likabaki. Mwaka 1939 Uingereza iliunda jeshi lake la deraya kwa kuwaunganisha askari wa vifaru na vile vikosi vya farasi vilivyokuwa vimekwisha kupewa magari, navyo vikabaki na majina yao ya kale. Bara Hindi lilirithi desturi hiyo, na mpaka leo baadhi ya vikosi vyake vya vifaru vina majina ya farasi na ya mikuki. Nchini Ureno, vifaru viko chini ya tawi la jeshi linaloitwa kwa jina la wapanda farasi. Kwa hiyo mtu wa nchi hizo asemapo "farasi" katika kitabu cha mafunzo, mara nyingi anakusudia kazi ya kupeleleza na kutangulia, wala hamkusudii mnyama.

Sisi hatukurithi desturi hiyo, na sababu yake inaonekana vizuri sana katika pwani ya Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma.

Mwezi Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, baada ya kuona kwamba mlango wa Ruvuma wenyewe, kwa mikoko na mafungu yake, haukufaa kushushia wanyama aliokuja nao. Alikuwa ameleta ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, nyumbu wa kubebea mizigo, na punda. Moja ya makusudi yake lilikuwa kujaribu kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o katika bonde la Ruvuma. Hawakustahimili. Ni kweli kwamba walibebeshwa mizigo kupita kiasi na kupigwa na waliokabidhiwa kuwatunza, hata ikawa vigumu kusema nani kauawa na mbung'o na nani kauawa na fimbo. Lakini msafara ulipofika Ziwa Nyasa mwezi Agosti, karibu wanyama wote walikuwa wamekwisha. Tangu hapo, kila aliyetaka kupita njia hiyo alijua kwamba mzigo wake utabebwa na kichwa cha binadamu.

Miaka hamsini baadaye vita vya Wajerumani na Waingereza vilithibitisha jambo lile lile kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1916 vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini viliingia Tanganyika kutoka kaskazini vikiongozwa na Jenerali van Deventer, vikasonga mpaka Kondoa Irangi. Farasi wao walikufa kwa maelfu, kwa nagana na maradhi mengine. Huku kusini, Wareno waliitwaa Kionga mwezi Aprili 1916, mji mdogo wa mlangoni mwa Ruvuma ambao Wajerumani walikuwa wameunyakua mwaka 1894. Mwezi Mei walijaribu kuvuka mto wakarudishwa. Walivuka tarehe 19 Septemba, wakapanda uwanda wa Wamakonde na kuingia Newala mwezi Oktoba, na kabla ya Desemba walikuwa wamefukuzwa. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 1917, yalipiganwa mapigano ya Mahiwa, nyuma ya Lindi. Na tarehe 25 Novemba von Lettow-Vorbeck aliuvuka Ruvuma huko Ngomano. Katika safari zote hizo za kusini, mzigo mkubwa wa vita ulibebwa na wapagazi, ambao wengi wao hawakurudi makwao. Kumbukumbu yao katika lugha ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Basi katika kambi za pwani ya kusini hapakuwa na nafasi ya kuzaliwa lugha ya askari wa farasi. Maneno ya kijeshi yaliyozaliwa au kuenea nyakati hizo ni ya askari wa miguu. Wajerumani, walipoanza kuunda jeshi lao mwaka 1889 kwa kuwaajiri Wasudani waliokwisha kutumika Misri, walipokea na vyeo vya Kituruki walivyokuja navyo: ombasha, shaushi, sol, efendi. Bombomu lilikuwa jina la bunduki iendeleayo kupiga bila kukoma, na hatujui kama kuna neno la kigeni linaloiga mlio wake vizuri kuliko hilo. Mzinga ulikuwapo tangu zamani. Mrina asali na mpiga mzinga wote wawili wanalijua gogo lililotobolewa katikati.

Hata hivyo tusidhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya farasi. Tunayo, na ni mazuri. Lakini makao yake ni utenzi na ikulu za masultani. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi, na washairi wa mwambao waliomfuata mtunzi wake hawakuona shida kuwaeleza wasikilizaji wao habari za farasi na deraya, ingawa wengi wa wasikilizaji hao walikuwa mabaharia na wakulima. Kutoka huko tuna hatamu, lijamu, seruji na kikuku cha kuwekea mguu. Neno moja kati ya hayo limepata maisha mapya: ni mara ngapi tumesikia kwamba chama kimeshika hatamu? Pengine hatamu imeshikwa na watu wengi zaidi katika siasa kuliko walioishika juu ya farasi. Neno deraya nalo tutalirudia, kwa kuwa ndilo litakalotuokoa.

Sasa tuje kwenye kifaru. Tarehe 15 Septemba 1916, siku nne tu kabla ya Wareno kuvuka Ruvuma, Waingereza walivitumia vifaru vitani kwa mara ya kwanza, huko Somme, Ufaransa. Ili kuficha siri wakati vikitengenezwa, walikuwa wamevipa jina la matangi ya maji, na jina hilo la uongo likadumu. Wajerumani baadaye walikiita chombo hicho kwa neno la deraya, Wafaransa kwa neno la gari. Kiswahili kilikuwa na tangi tayari, la maji na la mafuta, na kingeweza kuchukua jina la Waingereza bila taabu yoyote. Hakikulichukua. Kilitazama chombo chenyewe, ngozi nene, pembe iliyotangulia mbele, na mwendo usiojali kichaka, kikakiita kifaru. Kwa maoni yetu, hili ni miongoni mwa majina bora ya vyombo vya kisasa katika lugha yetu, kwa sababu asiyewahi kukiona chombo hicho hupata nusu ya maelezo katika jina.

Ila sitiari hii imeleta swali la sarufi ambalo walimu na watumishi wa serikali hulikosea mara nyingi. Kifaru mnyama hufuata upatanisho wa viumbe vyenye uhai: kifaru amepita, vifaru wamepita. Kifaru chombo hufuata umbo la neno: kifaru kimepita, vifaru vimepita. Ni kama ndege: ndege ameruka ni yule wa mtini, ndege imeruka ni ile ya kiwanjani. Tofauti hii si urembo. Taarifa isemayo "vifaru watatu wameonekana kando ya mto" ni ya idara ya wanyamapori. Isemayo "vifaru vitatu vimeonekana" ni ya kuamsha watu usiku. Mnyama vilevile anaitwa faru, na wahifadhi wengi hulitumia neno hilo. Tunaonelea desturi hiyo iungwe mkono katika maandishi ya serikali.

Jina la chombo lilipatikana kwa kutazama. Majina ya viungo vyake yalipatikana kwa kushika, na hapa historia inaturudisha tena Mtwara kwa njia isiyotazamiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, na reli iliyokwenda Nachingwea, zilijengwa kwa ajili ya mpango huo. Mpango wenyewe, ulioanza mwaka 1947, uliachwa mwaka 1951. Na reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miongoni mwa mitambo iliyoletwa Tanganyika kufyeka misitu yalikuwamo matrekta ambayo kampuni ya Vickers iliyatengeneza kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Kwa maneno mengine, kifaru kilianza kazi nchini mwetu kama jembe.

Mitambo ya namna hiyo iliwafundisha vijana wengi kazi ya udereva na ufundi, na maneno ya ufundi yakafuata mikono yao. Katapila, jina lililotokana na kampuni moja ya Marekani, likawa jina la kila trekta linalotembea kwa minyororo. Klachi, gia, breki, grisi, spana na fani yakawa maneno ya gereji zote. Mfasiri mwenye bidii anaweza kukaa ofisini akatunga neno zuri la Kibantu badala ya klachi. Tunamsihi asifanye hivyo. Dereva wa kifaru hufunzwa kwanza magari ya kawaida, na neno alilolitia mkononi gerejini halitoki kwa sababu ya waraka. Kazi yetu ni kutafuta maneno pale ambapo gereji haina neno, au inalo moja linalobeba mambo mawili. Kwa mfano, mnyororo wa kifaru ni kile kinachokanyaga ardhi, lakini mnyororo pia ni ule wa kukokotea kifaru kilichokwama. Katika kitabu cha matengenezo, wa kwanza uitwe mnyororo wa kutembelea na wa pili mnyororo wa kukokotea, hata kama sentensi itarefuka.

Jeshi la Wananchi liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo kulivunja lile lililorithiwa kwa wakoloni. Wachina walikuwa miongoni mwa waliolisaidia kwa zana na mafunzo, na vifaru vilivyopatikana kwao ni vya aina ya 59, vyenye uzito wa tani 36 hivi na mzinga wa milimita 100, na vile vyepesi vya aina ya 62, vya tani 21 na mzinga wa milimita 85. Fikirini hali ya darasa: mkufunzi Mchina, chombo kilichochorwa kwanza na Warusi, wanafunzi kutoka makabila mengi. Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kwa hiyo lugha ya kazi na chombo cha kazi vilikua pamoja.

Vita vya Kagera vilikuja kupima vyote viwili. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, na mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu lilivuka mto, likaingia Mutukula Januari 1979, likapigana Lukaya mwezi Machi na vikosi vya Amin vilivyosaidiwa na Walibya waliokuwa na vifaru, na tarehe 11 Aprili likaiteka Kampala. Raia wa Uganda walijifunza majina ya silaha kwa masikio. Mizinga ya roketi waliita Saba Saba, na jina hilo halijasahaulika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ile hatari tuliyoitaja mwanzoni. Ndani ya vifaru hivyo mna watu wanne: kamanda, dereva, mpiga mzinga na mpakiaji. Hawaonani vizuri. Injini inanguruma, mzinga unalia, na amri hupita katika waya zenye mikwaruzo. Amri nzuri katika hali hiyo ni ile isiyoweza kufananishwa na nyingine hata ikisikika nusu. Kulia na kushoto ni maneno mema kwa kipimo hiki, hayafanani. Simama na songa si mabaya, ingawa yanaanza kwa sauti moja. Lakini pakia na piga yanaanzia midomo ile ile na kuishia irabu ile ile. Na tatizo kubwa kuliko yote ni "acha kupiga". Mtu akikosa kusikia neno la kwanza, anachopata masikioni ni piga, nayo ni kinyume kabisa cha alichoamriwa. Na walio mbele ya mzinga huo huenda ni wenzake. Kwa sababu hiyo tunapendekeza sitisha kwa amri ya kuacha, neno moja lisilo na piga ndani yake, na jaza kwa amri ya kutia risasi. Neno la zamani la wenye magobori, shindilia, lingefaa kwa maana lakini ni refu mno kwa amri. Risasi yenyewe iitwe risasi ya mzinga. Kombora tuliachie lile lirukalo kwa nguvu yake lenyewe, kwani ndivyo magazeti yalivyokwisha kulizoesha.

Tumesema amri zisitungwe ofisini peke yake. Mahali pengine pasipotakiwa kutungwa neno ni mlangoni mwa mto. Kitabu chochote cha kuwafunza askari wa deraya kina sura ya kuvuka maji, na pwani ya Ruvuma ni shule ya sura hiyo. Mpaka Daraja la Umoja lilipofunguliwa Mtambaswala mwaka 2010, aliyetaka kuvuka sehemu za chini za mto alitegemea mitumbwi na pantoni, na kule Kilambo safari hufuata maji ya bahari. Wavuvi wa Msimbati na Mikindani wana maneno yote: maji kupwa na kujaa, bamvua na maji mafu, fungu, kilindi, mkondo. Anayefasiri neno kwa neno kutoka vitabu vya Kizungu huweza kuandika "maji ya juu" kwa maji kujaa, au, vibaya zaidi, kuligeuza bamvua kuwa maji ya chemchemi, kwa kuwa Waingereza wana neno moja kwa mambo hayo mawili. Kamanda atakayeamini kwamba anaelezwa habari za kisima atakitia kifaru chake cha tani 36 katika tope la mikoko, na bahari itakuja juu yake baada ya saa chache. Pantoni pia yataka uangalifu: kwetu ni chombo kivushacho watu na magari, bali katika vitabu vya wahandisi wa jeshi mara nyingi linalokusudiwa ni daraja la kuelea.

Mpaka huu haujaacha kuhitaji askari. Makaburi ya Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ni ya wanajeshi wetu waliokufa Msumbiji katika miaka ya 1980. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado. Na kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka askari huko chini ya jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo tangu 2019 imekubali Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi. Maofisa wa nchi hizo hukaa meza moja na maandishi ya Kiingereza, Kireno na Kifaransa, na yule farasi wa Ulaya yumo katika yote matatu.

Tunapendekeza basi kwamba vikosi vyote vinavyopigana katika magari yaliyovikwa chuma viitwe vikosi vya deraya. Kifaru kiwe kile chenye minyororo ya kutembelea na mzinga uzungukao. Gari la deraya liwe lile la magurudumu. Pale ambapo maandishi ya kigeni yanataja farasi kwa maana ya kazi ya kutangulia na kupeleleza, mfasiri aandike kikosi cha upelelezi cha deraya. Askari wa farasi abaki kwa mpanda farasi wa kweli, awe wa Tambuka au wa gwaride la nchi nyingine. Jina rasmi la kikosi cha kigeni, kama lina farasi ndani yake, lisifasiriwe. Liachwe lilivyo, na kazi ya kikosi ielezwe kwa maneno machache pembeni.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ile sehemu ya juu ya kifaru inayozunguka pamoja na mzinga wengine huiita mnara, kwa kufuata Wazungu. Lakini mnara kwetu ni wa msikiti au wa simu, husimama wima na hauzunguki. Zaidi ya hayo, askari anayeambiwa apeleleze mnara atatazama angani. Kichwa cha kifaru ni jepesi na linakubaliana na sitiari ya mnyama, ila mafundi wa injini tayari wana kichwa chao, cha silinda. Wasomaji waliowahi kufanya kazi ndani ya vifaru, au kufundisha wanaofanya kazi humo, tunawaomba watuandikie neno walilolitumia, pamoja na mahali na mwaka walipolisikia.